Mwigizaji Bila Daftari Hula Hasara

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Aghalabu methali hii huelekezwa kwa wenye maduka, lakini yamhusu vilevile mwigizaji wa jukwaani, hasa yule anayezunguka katika shule zetu za upili akiigiza vitabu teule vya fasihi.

Kazi hiyo si haba. Kifo Kisimani, Mstahiki Meya, Kigogo na Bembea ya Maisha ni tamthilia ambazo mtahiniwa huzielewa vyema zaidi anapowaona wahusika wakitembea na kusema mbele yake. Mwalimu hufaidi, mwanafunzi hufaidi. Je, mwigizaji naye?

Nimewafunza vijana kadhaa walioingia katika kazi hii baada ya kuhitimu, na malalamiko yao hayapishani. Waliahidiwa malipo kwa mdomo, wakaigiza muhula mzima, kisha wakaambiwa wasubiri kwa kuwa shule hazijalipa. Walipotaka haki yao, hawakuwa na hata kipande cha karatasi. Katika isimu twafundisha kwamba kuahidi ni kutenda kwa maneno. Ole wake anayetegemea tendo lisiloacha alama!

Kwa hivyo, kabla ya zoezi la kwanza, mwigizaji adai mapatano ya maandishi. Ukurasa mmoja watosha: idadi ya maonyesho, malipo ya kila onyesho na ya siku za mazoezi, nauli na chakula, tarehe ya kulipwa, na litakalofanyika shule ikiahirisha. Mapatano hayo yataje pia suala la kurekodiwa. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 inamtambua mwigizaji kuwa mwenye haki, na onyesho lake halifai kunaswa kwa kamera na kuuzwa bila idhini yake. Naye, kwa upande wake, ahakikishe kundi limepata idhini ya mwenye haki za tamthilia. Anayedai haki hana budi kuitoa.

Isitoshe, aisome kalenda ya shule. Muhula wa tatu ni wa mitihani na Desemba ni likizo, jukwaa hukauka. Mwenye busara huweka akiba mapema na kujifunza kazi jirani: kushona maleba, kusimamia taa, kusoma matangazo, au kuyaandaa makundi ya shule kwa mashindano ya drama, ambayo yamekuwapo tangu 1959.

Sauti nayo ni mtaji. Anayepiga kelele katika bwalo lisilo na kipaza sauti, mara mbili kwa siku, huimaliza upesi. Apumue kutoka tumboni, anywe maji, na akipata ukavu wa koo apumzike. Matamshi ayanoe vilevile, maana anayesema "zambi" badala ya "dhambi" huwapotosha mamia kwa saa moja.

Walimu wenzangu, nasi tuna wajibu. Tunapolialika kundi, tulipe siku ile ile na tudai stakabadhi. Wanafunzi wa Gredi ya 10 wanaochagua mkondo wa sanaa wanatutazama. Tukimlipa mwigizaji kwa ahadi tupu, tutakuwa tumewafunza kwamba sanaa haina thamani, na somo hilo hawatalisahau.