Postikadi na Jina la Mwenye Sura

Waraka ni nusu ya kuonana, walinena wahenga. Mchezo wa Postcrossing, alioanzisha Mreno Paulo Magalhães mwaka 2005, umeipanua methali hiyo: wampelekea postikadi mtu usiyemjua, kisha mgeni mwingine, wa nchi nyingine, akuletee yake.

Ndugu zetu wa bara, huko Kitengela (posta 00242) na Kajiado mjini (01100), nao waweza kuucheza. Lakini watume picha gani? Kadi nyingi wanazouziwa watalii zina Mmasai na mkuki wake, jina hana. Sisi wa pwani twalijua jambo hilo. Mwanzoni mwa karne ya 20, kadi za Unguja na Mombasa zilizunguka dunia na sura za bibi zetu. Chini pameandikwa "mwanamke wa Kiswahili", basi.

Rai yetu ni hii: kijana wa Kajiado achague picha mwenyewe, hata ya mnada wa ng'ombe wa Bissil. Akimtia mtu, kwanza aombe idhini, kisha aandike jina lake. Sura ya mtu ni amana, nayo salamu ni heshima.