"Umetisha Fundi" Haimfundishi Mtu Kitu

Kila mwisho wa wiki makundi ya WhatsApp ya wapiga picha wa ridhaa, Dar es Salaam, Arusha, Mombasa na Nairobi, hujaa picha mpya. Machweo ya Coco Beach, wavuvi wa Feri wakishusha samaki, bibi harusi chini ya mwarobaini, mtoto akiruka dimbwi. Chini ya kila moja hushuka maneno yale yale: "Kali sana." "Umetisha fundi." "Hapo umeua, kaka." Alama tatu za moto, kisha zamu ya mwingine. Mwenye picha hushukuru, na wiki inayofuata analeta nyingine yenye kasoro ile ile.

Si kwamba kasoro haikuonekana. Wenzake waliona kuwa bahari imelalia upande mmoja na kuwa nguzo ya umeme imechomoza kichwani mwa bibi harusi. Wakanyamaza kwa adabu. Baadhi yao wataitaja baadaye, faragha, kwa mtu mwingine, na kwa kicheko. Kundi ambalo mtu hukaa miaka miwili bila kuambiwa hata mara moja picha yake ina tatizo gani linamnyima kile alichokifuata, hata kama kila siku linampigia makofi.

Wanaoutetea ukimya huu husema kukosoana mbele za watu si desturi yetu. Ni hoja ya ajabu kwa wasemaji wa lugha yenye historia ndefu ya malumbano. Tangu Mambo Leo lianze kuchapishwa Tanganyika mwaka 1923, kurasa za mashairi katika magazeti ya Kiswahili zimekuwa mahali pa kujibizana. Aliyepunguza mizani au kulazimisha kina aliweza kujibiwa hadharani, tena kwa beti. Mwaka 1954 Kaluta Amri Abedi alichapisha Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri, na washairi wakawa na kitabu cha kushikana nacho mashati. Euphrase Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974, akiwa ameviweka kando vina na mizani, mabishano kati ya wanamapokeo na wanamabadiliko yaliendelea kwa miaka. Hakuna aliyemaliza hoja kwa alama ya moto.

Washairi wale walikuwa na kitu ambacho makundi mengi ya picha hayana: maneno ya kazi wanayoyajua wote. Ukimwambia mshairi kwamba mshororo wa tatu umezidi mizani moja, hahitaji kuuliza kama unamchukia. Atahesabu. Picha nayo ina mambo yanayohesabika au angalau kuonekana: mwanga unatoka upande gani, kipi kimeungua na kipi kimezama gizani, ukingo wa fremu umekata nini, nyuma ya mhusika kuna nini, kidole kimebonyeza mapema au kimechelewa. Anayeweza kusema hayo ana la kumpa mwenzake. Asiyeweza hubaki na "kali" na "sijaipenda", na maneno hayo mawili, kwa mpiga picha, yana uzito mmoja.

Mfano mzuri wa kundi lililoichukulia kazi hii kwa uzito unatoka New York, na jina lake lina asili ya Afrika Mashariki. Mwaka 1963 vikundi viwili vidogo vya wapiga picha Wamarekani weusi viliungana na kujiita Kamoinge, neno la Kikuyu lenye maana ya watu wanaofanya jambo kwa pamoja, walilolipata katika kitabu cha Jomo Kenyatta cha mwaka 1938, Facing Mount Kenya. Kiongozi wao wa kwanza alikuwa Roy DeCarava, ambaye mwaka 1952 alikuwa mpiga picha mweusi wa kwanza kupewa ufadhili wa Guggenheim. Miongoni mwao walikuwemo Louis Draper, Albert Fennar, Shawn Walker, Ray Francis, James Mannas na Adger Cowans.

Walikutana mara kwa mara, hasa Jumapili, majumbani na katika studio. Kila mmoja alikuja na picha alizosafisha mwenyewe kwenye karatasi, zikatandazwa, zikaangaliwa. Wanachama wamesimulia kwamba maneno yalikuwa makali, na kwamba haikuwa kila mgeni aliyeyavumilia. Lakini kikao kilikuwa pia na chakula, na mazungumzo ya jazi, filamu na vitabu, na aliyekosoa Jumapili hii alijua kwamba picha zake mwenyewe zingekuwa mezani Jumapili ijayo. Hili ni jambo kubwa kuliko linavyoonekana. Katika makundi yetu mkosoaji mkali mara nyingi ni mtu asiyeleta picha.

Kingine ni kile walichokikosoa. Mwanga na fremu vilikuwemo, bila shaka; DeCarava alijulikana kwa picha zenye weusi wa kina, ambamo ngozi nyeusi ina daraja nyingi za kivuli. Lakini waliulizana pia kama picha inamheshimu mtu aliyemo. Harlem ya wakati ule ilikuwa ikionyeshwa magazetini kama mtaa wa uhalifu na ufukara, na baadhi yao waliishi humo. Ni swali linalofaa sana pale Feri au Kariakoo. Yule mzee wa mkokoteni aliyepigwa picha jasho likimtiririka alijua kwamba anapigwa? Picha inasema nini juu yake zaidi ya kwamba ni maskini? Mara ngapi kundi la wapiga picha limewahi kumuuliza mwenzao hivyo?

Matokeo ya kukosoana kule yanajulikana. Anthony Barboza, aliyezaliwa mwaka 1944, aliingia Kamoinge akiwa kijana anayejifunza, akaja kuwa mpiga picha mwenye jina na baadaye kuliongoza kundi. Ming Smith aliingia mwaka 1972, mwanamke wa kwanza miongoni mwao. Mwaka 1979 jumba la makumbusho la MoMA la New York lilinunua picha zake, naye akawa mwanamke mweusi wa kwanza mpiga picha kuingia katika hazina yake. Mwaka 2020 maonyesho makubwa ya kazi za kundi hilo yalifunguliwa Richmond, Virginia, mji alikozaliwa Draper, kisha yakapelekwa jumba la Whitney, New York.

Hapo anaweza kusimama mtu na kusema: basi tuwe wakali. Taratibu. Mwaka 1996 wanasaikolojia wawili, Avraham Kluger na Angelo DeNisi, walikusanya tafiti za miaka mingi kuhusu kumpa mtu maoni juu ya kazi yake. Walipata matokeo 607 yaliyotokana na vipimo zaidi ya 23,000. Kwa wastani maoni yalisaidia. Lakini katika zaidi ya theluthi ya matokeo hayo, maoni yalishusha kazi badala ya kuiinua. Walipotafuta sababu waliona kwamba kadiri maoni yanavyoivuta akili ya mtu kutoka kwenye kazi kwenda kwenye nafsi yake, ndivyo faida inavyopungua. Matusi hufanya hivyo. Sifa pia hufanya hivyo, na hapa ndipo wasifiaji wetu wanapokamatika: "wewe ni mkali" na "wewe huwezi" yote yanamzungumzia mtu, wakati tatizo limekaa kwenye picha. Methali ya mgema na tembo hutajwa upesi katika mazungumzo kama haya, lakini inaeleza nusu tu ya jambo, kwa sababu hata mgema aliyetukanwa hapati tembo bora.

Basi maoni yenye faida husikika namna gani? Chukua picha ya mvuvi wa Feri saa moja asubuhi, amesimama juu ya mashua, jua likiwa nyuma yake. Anga limetoka vizuri, rangi ya chungwa, mawingu. Uso wake ni doa jeusi. "Umetisha" haisaidii, na "uso hauonekani" inasaidia kidogo. Kinachosaidia ni kumwambia kwamba kamera ilipima mwanga wa anga, na anga lilikuwa na mwanga mwingi kuliko uso. Kwamba angegusa uso kwenye kioo cha simu, au kuongeza mwanga hatua moja kwenye kamera, uso ungetokea na anga lingeungua kidogo, na achague kipi anakitaka zaidi. Au angezunguka hatua tano mpaka jua limpige mvuvi ubavuni. Kisha mkosoaji aufunge mdomo wake kuhusu lenzi mpya. Ushauri wa kununua kifaa ni uvivu wa mkosoaji, na kwa kijana anayepiga picha kwa simu ya mkopo ni dhihaka pia.

Na sifa ipewe kwa uangalifu ule ule. "Umesubiri mpaka mkono wake umeinuka na nyavu zimefunguka, ungebonyeza mapema zingekuwa fundo" ni sifa inayomwambia mtu arudie nini kesho. Sifa ya namna hii ni adimu kuliko lawama, labda kwa sababu inataka muda mrefu zaidi wa kuitazama picha.

Upande wa mwenye picha una kazi ngumu zaidi. Kazi ya kwanza ni kunyamaza. Mtu akiambiwa bahari imepinda, anaanza: nilikuwa nimechuchumaa, kulikuwa na mawimbi, askari alikuwa ananifukuza. Yote yanaweza kuwa kweli, ila mtazamaji wa picha hatayasikia kamwe. Yeye ataona bahari iliyopinda. Kazi ya pili ni kuuliza vizuri. "Mnaionaje?" huzaa "kali", kila mara. "Jicho lako limeanzia wapi kwenye picha hii?" huzaa jibu. Liz Lerman, mbunifu wa ngoma wa Marekani, alipotengeneza mnamo 1990 utaratibu wake wa kukosoa kazi za sanaa, aliupanga kwa hatua nne: watazamaji waseme kwanza kilichowagusa, msanii aulize maswali yake, watazamaji waulize yao bila kuficha hukumu ndani ya swali, na mwisho kabisa maoni, tena baada ya msanii kuombwa ruhusa ya kumpa. Utaratibu huo ulianzia kwenye ngoma na umeenea katika sanaa nyingine. Kwenye picha unafaa bila marekebisho.

Wala si lazima kukubali kila kinachosemwa. Mkosoaji mmoja akilalamika juu ya kivuli, huenda ni ladha yake. Wanne wakijikwaa mahali pamoja bila kuambizana, mwenye picha arudi aitazame.

Kuna kikwazo kingine, nacho ni cheo. Katika makundi mengi yupo "mwalimu" au "mkuu", mtu wa harusi kubwa kubwa na kamera ya bei mbaya, na hakuna kijana atakayethubutu kumwambia kwamba picha yake ya leo imezidi rangi mpaka nyasi zinang'aa. Heshima kwa mkubwa ni jambo jema na haina sababu ya kuvunjwa. Inaweza kuzungukwa. Katika mashindano ya vilabu vya picha vya Uingereza ni kawaida picha kuonyeshwa bila jina la mpigaji mpaka hukumu itolewe. Msimamizi wa kundi la WhatsApp anaweza kufanya hivyo hivyo bila gharama: picha zitumwe kwake faragha, yeye azipachike kwenye kundi kwa namba. Namba nne haina umri wala kamera. Mkuu ataambiwa juu ya nyasi zake, na pengine atafurahi, kwa kuwa ni miaka hajaambiwa chochote.

Jambo moja la kifundi lisisahaulike. WhatsApp huibana picha inapotumwa kwa njia ya kawaida, na ukali wake hupungua. Kumlaumu mtu kwamba picha yake haikukaza kwa kutazama nakala iliyobanwa ni kumwonea. Itumwe kama faili, au kundi likutane angalau mara moja kwa mwezi na picha zilizosafishwa kwenye karatasi. Kwenye karatasi picha hukaa mezani, watu huinama, huigeuza juu chini kama Henri Cartier-Bresson alivyokuwa akifanya ili aone mpangilio bila kuzongwa na kilichopigwa, na hakuna kidole kinachokimbilia picha inayofuata.

Hayo hayahitaji fedha wala mwalimu kutoka nje. Wasimamizi wa makundi wanaweza kuanza wiki hii: wachague usiku mmoja, picha tano tu, namba bila majina, wapigaji wakae kimya mpaka watu wamalize, na alama za moto zipigwe marufuku usiku huo. Asiyeleta picha kwa mwezi mzima asikosoe. Na katika zile tano za kwanza, moja iwe ya msimamizi mwenyewe.