Mtumbwi uani, watoto wapi?

Baba wa Rubwera akinunua mtumbwi mkuukuu wa mbao autengenezee nyumbani, huogopa nyufa kwanza. Hizo si tabu: zinasindiliwa pamba, kazi ambayo mafundi huiita kalafati, na ubao ukilowa unavimba na kubana.

Tabu ni rangi ya zamani. Baadhi ina risasi, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango chake kinachojulikana kuwa salama. Msasa ukipita pakavu, vumbi linatua kwenye ndizi zilizomenywa na vidole vya anayetambaa. Lowanisha kwanza, tandika turubai. Vipande vya mbao zenye rangi visiende jikoni kuwa kuni, hata mvua ikinyesha. Moshi wake una sumu ileile. Watoto washinde kwa bibi mpaka turubai likunjwe.