BOTI YA MSAADA SI BOTI YA WATAZAMAJI



Kila mwaka katika kurasa hizi tunasoma majina ya waliofaulu mitihani, washindi wa kuhifadhi Qur'an, na tunaona picha za resi ya ngalawa ya siku ya pili ya Idi. Mwaka huu sisi wanafunzi wa darasa la juu, ambao ndio tuliokabidhiwa boti ya kusindikiza resi hiyo, tumeomba nafasi ili tuseme jambo ambalo kwenye picha halionekani.

Picha zinaonyesha matanga meupe na watu wakipiga vigelegele ufukweni. Hazionyeshi kwamba wenzetu wanne walikuwa majini wakishikilia ngalawa iliyopinduka, na kwamba boti iliyotumwa kuwaokoa, yaani boti yetu, nusura iwaue.

Ilikuwa Idi ya kuchinja, msimu wa kusi. Asubuhi bahari ilikuwa shwari, lakini baada ya sala ya Adhuhuri upepo ulishika kasi na maji yalianza kupwa. Kila aliyekulia hapa Kilwa Masoko anajua mlango wa bahari kati yetu na Kilwa Kisiwani unavyokuwa maji ya bamvua yanapotoka: mkondo unakwenda huku, upepo unakwenda kule, na mawimbi yanasimama wima. Tuliyajua hayo. Lakini wageni walikuwa wamekwisha kufika, kaswida zimeanza, na hakuna aliyetaka kuwa mtu wa kwanza kusema tusubiri.

Boti yetu ilikuwa ya faiba, ya kuazima, yenye mashine ya nguvu za farasi 15. Ilitakiwa ichukue watu wawili tu wa kuiendesha. Tulipoondoka ufukweni tulikuwa 12. Walipanda wageni waliotaka kuona resi kwa karibu, wakapanda watoto wawili, ikapanda spika ya kaswida na betri yake, na mwisho likapanda sufuria la pilau. Jaketi za kujiokolea zilikuwa 8. Tulizifunga pamoja kwa kamba na kuzisukuma mbele chini ya mizigo, eti zisilowe.

Ngalawa ya tatu ilipotoka kwenye kinga ya ufukwe, mrengu mmoja ulikatika nayo ikapinduka. Tulikimbia kwa mashine yote. Tulipofika, wageni wetu wote walisimama upande mmoja kutazama, boti ikalala na kuanza kuchota maji. Wakati huo huo kamba za tanga zilizokuwa zikielea zikajisokota kwenye mapanga ya mashine, nayo ikazima. Wakati ule tuliona ni balaa. Leo tunaona ilikuwa rehema, kwa sababu mwenzetu mmoja alikuwa majini nyuma ya boti yetu, hatua mbili tu kutoka kwenye mapanga yale, na hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amemwona. Kijana huyo kwao ni Liwale. Bahari aliiona kwa mara ya kwanza alipoletwa hapa kusoma, na kuogelea alikuwa bado anajifunza.

Aliyewaokoa ni mzee mvuvi aliyekuwa akirudi na mtumbwi wake kwa kasia. Alisogea polepole, akawapandisha wawili kwa tezi, mmoja baada ya mwingine, akawaambia wengine washikilie ngalawa mpaka msaada mwingine ulipofika. Kisha akatugeukia sisi tuliokuwa tukikumba maji kwa sinia la pilau, akasema, "Wanangu, nyinyi mmekuja kuokoa au kuokolewa?" Hatukuwa na jibu. Wote walitoka salama, alhamdulillah. Lakini swali la mzee yule tumelibeba hadi leo.

Baada ya siku ile zimezuka rai mbili hapa madrasa. Wapo wanaosema resi ifutwe kabisa. Na wapo wanaosema lililotokea ni kadari, hakuna aliyekufa, basi yaishe. Sisi, kwa heshima zote, hatukubaliani na rai yoyote kati ya hizo mbili.

Kuifuta resi si dawa. Bahari ya Kilwa haitafutika. Mji uliokuwa Kisiwani, alioufikia Ibn Battuta mwaka 1331, uliishi kwa vyombo vya tanga na kwa watu waliojua upepo. Hata sisi leo, tukimaliza kusoma, wako watakaovua, wako watakaovuka kwenda Songo Songo kutafuta kazi, na wako watakaowapeleka wageni kuona magofu ya Kisiwani na Songo Mnara. Mtoto asiyefundishwa bahari mbele ya walimu wake atafundishwa na bahari yenyewe, nayo haina huruma ya mwalimu. Resi ni darasa. Darasa bovu hurekebishwa, halifungwi.

Ama hoja ya kadari, hakuna kati yetu anayeikataa. Lakini sote tumesomeshwa habari ya yule bwana aliyetaka kumwacha ngamia wake bila kumfunga huku akisema anamtegemea Mwenyezi Mungu, na tunajua Mtume (S.A.W.) alimwelekeza nini. Kufunga kwanza, kutegemea baadaye. Jaketi lililo chini ya sufuria la pilau ni ngamia asiyefungwa.

Tena tusidhani kwamba nia njema peke yake inatosha kuokoa. Tutoke pwani kidogo twende Ziwa Victoria, kwa sababu huko nchi yetu imepata mafunzo mawili makubwa. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilipinduka karibu na Mwanza na mamia ya watu walipoteza maisha. Baada ya kupinduka ilibaki ikielea kwa muda, na ndani yake walikuwamo watu hai. Ilipotobolewa ili watu hao watolewe, hewa iliyokuwa ikiielesha ilitoka nayo ikazama. Waliotoboa walitaka kuokoa. Hatuwataji ili kuwalaumu, bali ili tukumbuke kwamba majini, msaada usio na maarifa unaweza kuongeza msiba.

Funzo la pili ni la tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya Precision Air ilipoangukia ziwani karibu na uwanja wa ndege wa Bukoba ikiwa na watu 43. Watu 19 walifariki na 24 wakaokoka. Waliofika mwanzo walikuwa wavuvi na mitumbwi yao. Kijana mmoja mvuvi, Majaliwa Jackson, alisifiwa nchi nzima kwa kutumia kasia kuwafungulia watu mlango. Lakini kijana huyo huyo, kwa maelezo yake mwenyewe, alizimia baada ya kamba kukatika na kumpiga usoni alipokuwa akijaribu kuwasaidia marubani. Basi tuzingatie mambo mawili hapo: anayeokoa ni yule aliye karibu na aliye tayari, na anayeokoa naye yumo hatarini.

Kwa hiyo maoni yetu ni haya. Boti ya msaada ni amana ya roho za watu. Ina kazi moja tu, na anayeipa kazi ya pili ameivunja amana hiyo. Tunapendekeza mambo yafuatayo yawe sharti la resi, wala si nasaha tu.

Kwanza, boti ya msaada isipande mtazamaji hata mmoja, awe mgeni, mfadhili au mtoto wa ustadh. Wawe wawili: mmoja wa mashine na mmoja wa kuwashika watu, wote waogeleaji. Nafasi inayobaki si ya bure. Hiyo ni nafasi ya waliomo majini. Wageni watafutiwe mashua nyingine yenye nahodha wake.

Pili, jaketi zivaliwe, zisipakiwe. Kila aliyemo katika resi na kila aliyemo katika boti ya msaada avae lake, lenye kumtosha, akiwa bado nchi kavu, na mikanda ifungwe. Baada ya kazi zisuuzwe kwa maji baridi yasiyo na chumvi na zianikwe kivulini. Zisikaliwe wala zisilaliwe, maana jaketi lililopondeka haliinui mtu. Madumu matupu yaliyofungwa vizuri nayo yawemo botini, kwa kuwa dumu la lita 20 humwelesha mtu akilikumbatia. Lakini dumu ni nyongeza, si badala ya jaketi.

Tatu, ile kamba fupi ya kuzimia mashine ifungwe mguuni mwa mwendeshaji. Wengi wetu tunaichukulia kama urembo. Tumeona mashine ambazo kamba yake ilipotea, na mahali pake pamepachikwa kipande cha kandambili kilichochongwa ili mashine isizime. Mwendeshaji akiangukia majini, boti hiyo huendelea kuzunguka yenyewe na inaweza kumrudia aliyeanguka.

Nne, tujifunze kumkaribia mtu. Kabla ya jambo lolote wahesabiwe watu: walikuwa wanne, wanaonekana wanne? Aliyefunikwa na tanga hapigi kelele. Usiikabili ngalawa upande ulikoangukia mlingoti na kamba. Sogea polepole ukielekea upepo, ili boti isimame mapema, na mtu anapokuwa ubavuni zima mashine. Usiseme "nimeiweka huru inatosha". Zima. Mpandishe ubavuni, mbali na mapanga, mmoja mmoja. Watu watangulie, ngalawa ifuate. Ngalawa hutengenezwa upya. Na waliopinduka nao wajue kwamba wasiiache ngalawa na kuogelea kwenda ufukweni, kwani chombo kinaonekana kwa mbali kuliko kichwa cha mtu.

Tano, katika kuvuta chombo, kamba iwe ndefu na nzima, ifungwe mahali penye nguvu, na mtu yeyote asisimame kwenye mstari wa kamba iliyokaza. Kisu kiwe karibu, kwa sababu fundo lililokaza halifunguki kwa vidole.

Sita, zana zikaguliwe jana yake, si asubuhi ya resi: petroli, plagi ya akiba, makasia mawili, nanga na kamba yake, kopo la kukumbia maji, firimbi, na simu iliyofungwa kwenye mfuko usioingiza maji. Mafuta yagawanywe mara tatu: theluthi ya kwenda, theluthi ya kurudi, na theluthi ya lisilotarajiwa. Majina ya wote walioingia majini yaandikwe ufukweni, na yafutwe mmoja mmoja wanaporudi.

Saba, na hili ndilo gumu kuliko yote, awepo mtu mmoja mwenye mamlaka ya kusema leo hakuna resi. Awe nahodha mzee anayeyajua maji, na akisema, hata mgeni rasmi awe amekaa kitini, jambo liishe hapo. Katika vilabu vya mashua za tanga, hiyo ni desturi ya kawaida: boti ya msaada isipokuwa tayari, bendera ya kuanzia haipandi. Hakuna anayeona aibu kwa hilo.

Tunajua tutaulizwa fedha zitatoka wapi. Swali ni la haki. Sisi tunajibu kwa swali jingine: zile za fulana, za spika na za kombe zilitoka wapi? Hatusemi pasiwe na kombe. Tunasema jaketi litangulie fulana. Na mengi tuliyoyataja hapo juu hayagharimu kitu. Kuhesabu watu ni bure. Kuzima mashine ni bure. Kumwambia mgeni "samahani mzee, boti hii si ya kupanda" ni bure pia, ingawa kwetu vijana ulimi huwa mzito. Walimu wetu, tunawaomba mtusaidie kulisema hilo, maana mkubwa akilisema linasikika.

Nasi hatuombi tu, tunaahidi. Wale tuliokabidhiwa boti mwaka ule tumekwisha kukaa na nahodha mmoja wa hapa Masoko, na tunafundishwa kila Ijumaa alasiri maji yanapojaa. Mwenzetu wa Liwale ndiye wa kwanza kufika, na sasa anaogelea kutupita baadhi yetu. Tumekubaliana kwamba Idi ijayo, iwapo boti itapakiwa watu na masufuria kama ilivyokuwa, hatutaisukuma majini. Tutakaa nayo mchangani, watu watucheke. Kuchekwa kunapita.

Na nyinyi wadogo zetu mtakaoipokea kazi hii tukishaondoka, msiipokee kama kazi ya kupiga picha. Siku mzee mvuvi atakapowauliza mmekuja kuokoa au kuokolewa, muwe na jibu.

Wabillahi tawfiq.