Ufa Huzibwa Kabla ya Ukuta Kuanguka



Tumezoea kuitisha mkutano wa upatanisho baada ya ugomvi kuzuka. Wazee huitwa, wahusika husikilizwa, mikono hupeanwa, kisha kila mmoja hurudi kwake. Miezi michache baadaye ugomvi ule ule huibuka upya, kwa kuwa tangu siku ile hakuna aliyepiga hodi kwa mwenzake.

Tutafakari habari za Wajir, kaskazini mashariki mwa Kenya. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 koo za Kisomali za huko zilipigana; watu wakauawa na mifugo ikaporwa. Uhasama uliingia hata sokoni, mwanamke wa ukoo huu akikataa kumwuzia mwanamke wa ukoo ule. Kundi dogo la akina mama, miongoni mwao Dekha Ibrahim Abdi, lilianza na soko hilo. Walikubaliana kwamba kila mwanamke awe huru kuuza na kununua bila kuulizwa ukoo wake. Wakaweka watu wa kuangalia jinsi mambo yalivyokwenda, na kamati ya kusuluhisha magomvi madogo yalipotokea.

Kutoka sokoni wakawaendea wazee wa koo. Mwaka 1993 wazee hao walikubaliana juu ya Azimio la Al Fatah, lililoweka masharti ya kurudisha amani. Mwaka 1995 juhudi za akina mama, wazee, vijana, viongozi wa dini na watumishi wa serikali ziliunganishwa katika Kamati ya Amani na Maendeleo ya Wajir. Habari ya mapigano au wizi wa mifugo ilipofika, watu wa koo mbalimbali waliondoka pamoja kwenda kuzima moto. Waliweza kufanya hivyo upesi kwa sababu walikwisha kufahamiana. Imani haijengwi kwa saa moja, damu ikiwa imekwisha kumwagika.

Wapo watakaosema kwamba urafiki wa kupangiwa siku si urafiki wa kweli. Lakini mkulima hulipenda shamba lake, na bado hupanga siku ya palizi. Asipopanga, magugu hayamsubiri.

Hata kwetu ufa upo: mpaka wa shamba usiokubaliwa, wakulima na wafugaji wanaotazamana kwa mashaka, familia iliyoacha kuja jumuiyani na hakuna aliyeuliza sababu. Kwa hiyo tunapendekeza mambo matatu.

Kwanza, kila Jumuiya Ndogo Ndogo iorodheshe nyumba ambazo hazijatembelewa mwaka huu, na iamue nani atakwenda na siku gani.

Pili, viongozi wa walei wawatembelee viongozi wa msikiti, wa madhehebu mengine na wazee wa wafugaji sasa, wakati ambapo hakuna shauri lolote mezani. Anayebisha hodi siku ya matatizo tu huonekana kama mdai.

Tatu, baada ya kila upatanisho, watu wawili wakabidhiwe kazi ya kurudi kwa pande zote mbili, baada ya mwezi mmoja na tena baada ya miezi mitatu, wasikilize kama ahadi zinatimizwa.

Kazi hii haina sherehe wala picha za ukumbusho. Hata hivyo, katika mkutano ujao wa jumuiya, kabla ya kuagana, tuulizane: nani hajaonekana, na nani atakwenda kumwona?