UCHAMBUZI: Ubahatishaji wa mafundi huua injini za magari ya familia kabla ya umri

KANUNI ya ubora KS 1515 ya mwaka wa 2000 hairuhusu gari lililotumika ng'ambo kuingizwa nchini likiwa limepita umri wa miaka minane. Hata hivyo, kikomo hicho huishia bandarini Mombasa. Gari likishapewa nambari za usajili za Kenya, hakuna anayeuliza litastaafu lini.

Ndiyo maana magari aina ya Nissan X-Trail ya muundo wa kwanza, ambao ulianza kuundwa mwaka wa 2000, pamoja na Toyota Prado za enzi hizo, yangali yanapeleka watoto shuleni jijini Nairobi, Nakuru na Eldoret. Ifikapo Desemba, hujazwa watu na mizigo yakaelekea mashambani. Mengi ya magari haya yako katika mikono ya mwenyewe wa tatu au wa nne, asiye na uwezo wa kununua jingine, na ambaye kila safari ya gereji humlazimu kugusa fedha za karo.

Huzuni ni kwamba sehemu kubwa ya fedha hizo hutumiwa kununua vipuri ambavyo havikuhitajika.

Chukua mfano wa tatizo linalofahamika sana kwa wenye X-Trail za injini ya lita mbili. Gari huwaka vyema asubuhi, likaenda kilomita 30 au 40, kisha likazimika ghafla injini ikiwa moto. Dereva akijaribu kuliwasha, linakataa. Baada ya nusu saa chini ya mti, linawaka kana kwamba halikuwa na neno. Fundi wa kwanza hubadilisha plagi. Wa pili hulaumu koili. Wa tatu hushusha tangi na kuweka pampu mpya ya mafuta. Wa nne hutangaza kuwa kompyuta ya gari imeharibika. Kila mmoja hulipwa, na gari huzimika tena wiki inayofuata.

Dalili hiyo ya kuzimika kwa joto na kupona kwa baridi huelekeza kidole, kabla ya kwingineko, kwenye vihisi viwili vidogo: kile kinachosoma mzunguko wa kranki na mwenzake wa kemshafti. Kihisi kilichochoka hukatika mawasiliano kinapopata moto. Kompyuta ya gari, isipojua kranki iko wapi, haiwezi kuamuru cheche wala petroli.

Kuna njia rahisi za kuanza kutenga chanzo. Dereva azungushe starta huku akitazama mshale unaoonyesha kasi ya mzunguko wa injini. Katika magari mengi, mshale usipotikisika kamwe, kihisi cha kranki ndicho mshukiwa. Aidha, ufunguo unapogeuzwa kabla ya kuwasha, pampu ya mafuta husikika ikinguruma kwa sekunde chache. Ikinguruma, hakuna sababu ya kukimbilia kuinunua upya kabla ya kupima presha ya mafuta.

Kasoro hii si siri ya gereji. Mnamo 2003 kampuni ya Nissan iliyaita zaidi ya magari milioni mbili kote duniani kwa sababu ya kihisi cha kranki kilichoweza kuzima injini. Tatizo ni kuwa notisi ya aina hiyo hutumwa kwa mwenye gari anayejulikana na kampuni. Gari likishauzwa mnadani Japani na kupakiwa melini, barua hiyo haina pa kumfikia mama aliyelinunua Nakuru. Kampuni za Japani huwa na kurasa za intaneti ambako nambari ya fremu huonyesha iwapo gari liliwahi kuitwa, ingawa maandishi yake ni ya Kijapani. Waagizaji wa magari wangeweza kumfanyia mnunuzi kazi hiyo ya dakika tano. Wachache hujisumbua.

Eneo jingine ambako ubahatishaji umegeuka desturi ni mfumo wa kupoza injini. Gari likichemka, mafundi wengi hung'oa thamostati na kuitupa, kwa imani kwamba maji yatapita kwa urahisi zaidi. Injini hubaki baridi kupita kiasi, kompyuta huendelea kuongeza petroli kana kwamba ni alfajiri, oili huchafuka upesi, na mwenye gari hushangaa kwa nini matumizi ya mafuta yamepanda. Kisha hulaumu kituo cha petroli.

Wakazi wa nyanda za juu wana sababu ya ziada ya kuwa waangalifu. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na maji ya wazi huchemka huko kwa nyuzi 94 hivi badala ya 100. Kinachozuia maji ya rejeta yasichemke mapema ni presha inayoshikiliwa na kifuniko chake. Mpira wa kifuniko ukichakaa, gari litachemka likipanda kutoka Naivasha kwenda Limuru hata kama rejeta ni nzima. Kifuniko ni miongoni mwa vipuri vya bei ya chini kabisa katika barabara ya Kirinyaga, na pengine kwa sababu hiyo hakuna anayekishuku. Badala yake, kichwa cha injini hufunguliwa.

Kuna wakati ambapo kukifungua ni lazima. Oili ikigeuka rangi ya chai ya maziwa, au maji ya rejeta yakipungua bila kuvuja huku moshi mweupe ukiendelea hata injini ikipata moto, gasketi huenda imekatika. Moshi wa buluu ni oili inayoungua. Mweusi katika gari la petroli ni mafuta yaliyozidi. Kwa Prado za dizeli zenye injini ya lita tatu aina ya 1KD, mlio wa kugongagonga asubuhi haufai kupuuzwa. Viziba vya shaba chini ya injekta vikivuja, masizi huingia kwenye oili na kuziba chujio kilicho chini ya injini. Injini hiyo inaweza kufa kwa kiu ya oili ilhali kijiti cha kupimia kinaonyesha imejaa.

Lawama ya petroli iliyochanganywa na mafuta taa haikuwa ya uongo. Kabla ya 2018, tofauti ya bei iliwashawishi wafanyabiashara walaghai, na mafuta taa huifanya injini ya petroli igonge na kukosa nguvu. Ushuru wa Sh18 kwa kila lita ya mafuta taa, ulioanza Septemba mwaka huo, ulipunguza faida ya ulaghai huo, huku ukiwaumiza wanaopikia stovu. Bado ni kisingizio cha haraka kwa fundi asiyejua aseme nini.

Ujio wa vifaa vya kusoma kompyuta ya gari haujamaliza ubahatishaji. Umeupa sauti ya kitaalamu tu. Kifaa kikionyesha P0171, kinasema mchanganyiko una hewa nyingi kuliko petroli. Hakisemi kama ni mpira uliopasuka, kihisi cha hewa kilichojaa vumbi au pampu iliyochoka. Fundi anayesoma nambari kisha akaagiza kipuri bila kipimo kingine hana tofauti na yule aliyekisia kwa sikio. Isitoshe, baadhi ya magari ya zamani yaliyoundwa kwa soko la Japani hayasomeki kwa vifaa vya bei rahisi.

Lakini mafundi wa jua kali hawastahili kubeba mzigo wote. Mteja yuko tayari kulipia pampu anayoweza kuishika mkononi, ila akiambiwa alipe saa moja ya uchunguzi, huona ametapeliwa. Fundi hujifunza upesi kwamba kufikiri hakulipi. Mamlaka ya NITA hutoa mitihani ya ufundi kwa madaraja, na wapo waliofuzu ambao hupima kabla ya kufungua. Ada yao ya uchunguzi huwa ndogo ikilinganishwa na pampu moja iliyonunuliwa bure.

Kwa anayepanga kununua gari la aina hii kutoka kwa Mkenya mwenzake, jaribio moja halina gharama. Ageuze ufunguo bila kuwasha injini, kisha atazame dashibodi. Taa ya injini inapaswa kuwaka, na kuzimika baada ya injini kunguruma. Isipowaka kabisa, huenda kuna aliyeing'oa balbu yake, na muuzaji ana maswali ya kujibu kabla ya bei kuzungumzwa.