Alama za Mtihani na Mlango wa Chuo

Matokeo ya mtihani wa kumaliza sekondari yatangazwapo mjini Juba, usingizi hupungua katika nyumba nyingi. Kuanzia Munuki hadi Gudele, na katika kambi za askari jeshi na polisi, wazazi huulizana neno moja tu: mtoto amepata asilimia ngapi? Swali hilo si la bure. Nchini Sudan Kusini nafasi za vyuo vikuu vya umma hugawanywa na Wizara ya Elimu ya Juu kwa kutazama asilimia aliyoipata mwanafunzi pamoja na masomo aliyoyachagua. Aliyetamani udaktari akapungukiwa na alama chache huweza kupelekwa asikotaraji, au akakosa nafasi kabisa.

Na afikiriwe koplo mmoja aliyehamishwa kituo mara mbili katika miaka minne ya sekondari ya bintiye: kutoka Wau kwenda Torit, na kutoka Torit kuja Juba. Kila alipohama, binti alianza upya na walimu wengine, na mara nyingine alikuta somo la kemia halina mwalimu. Hata hivyo alishika kitabu. Matokeo yametoka, alama zake ni nzuri, lakini hazifikii zile zinazotakiwa kwa masomo ya udaktari. Usiku mama anasema kwa sauti ya chini, "Baba, huna mkubwa unayemjua akatusemea neno?" Koplo ananyamaza. Mkubwa wa namna hiyo hana. Na hata angekuwa naye, nafasi ya bintiye ingetoka wapi, kama si mikononi mwa mtoto wa askari mwenzake aliyeipata kwa jasho?

Katika ukimya huo imo hoja kubwa ya kuutetea mtihani. Karatasi ya majibu haiulizi cheo cha baba, wala kabila, wala mfuko. Mahali ambapo mtihani haupo, aghalabu neno la mwenye nguvu hushika nafasi yake, na mtoto wa mnyonge hubaki nje ya mlango. Kwa hiyo anayeudharau mtihani kwa kuwa mwanawe ameshindwa hana budi ajiulize ni ngao gani nyingine aliyo nayo asiye na mtetezi.

Lakini ngao si mizani kamili. Vita vilivyozuka Desemba 2013 vilifunga shule nyingi katika Jonglei, Unity na Upper Nile. Chuo Kikuu cha Juba chenyewe, kilichoanzishwa mwaka 1975, kilihamishiwa Khartoum mwaka 1989 kwa sababu ya vita, kikarejea baada ya Mkataba wa Amani wa mwaka 2005. Ikiwa chuo kizima kiliweza kukimbizwa, sembuse mtoto mwenye daftari moja? Asilimia sitini za aliyesomea chini ya mwembe, akikatizwa masomo mara kwa mara, na asilimia sitini za aliyekuwa na maabara na mwalimu wa kila somo, ni sawa katika karatasi, lakini si sawa katika juhudi.

Majirani wameyajaribu mengi katika jambo hili. Mwezi Novemba 1974, Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma, Tanzania, ikaamua kwamba wanaomaliza kidato cha sita wasiingie chuo kikuu moja kwa moja. Ilipasa kwanza wafanye kazi, na maombi yao yasindikizwe na maoni ya mwajiri na ya tawi la chama kuhusu tabia na bidii yao. Nia ilikuwa njema: kumpata msomi anayewajua wananchi. Lakini wasichana walioomba walipungua, maana miaka ya kungoja iliangukia wakati wa kuolewa na kulea. Na masomo ya sayansi na uhandisi yalikosa watu wa kutosha. Ikabidi makundi hayo yafunguliwe mlango mapema, na baadaye utaratibu wote ukaachwa.

Uganda ilishika njia nyingine. Kuanzia mwaka 1990, Chuo Kikuu cha Makerere kiliwaongezea wasichana pointi 1.5 juu ya alama walizozipata. Mtihani haukufutwa, ulipimwa upya kwa kukumbuka kuni, maji na wadogo wa kubebwa ambavyo msichana huvikuta nyumbani kabla ya kufungua kitabu. Idadi ya wanawake chuoni hapo, iliyokuwa takriban robo, ilipanda hata ikapita theluthi.

Hata Marekani jambo hili halijatulia. Wakati wa ugonjwa wa Korona, mwaka 2020, vyuo vingi viliacha kudai alama za mtihani wa SAT. Chuo cha MIT kiliurejesha mwaka 2022, na mwaka 2024 Dartmouth na Harvard vikafuata. Sababu mojawapo iliyotolewa ni kwamba, pasipo alama, ilikuwa vigumu zaidi kumtambua mwanafunzi hodari atokaye katika shule isiyo na jina.

Mafunzo hayo yote yaelekea mahali pamoja. Alama zibaki kuwa msingi, kwa kuwa zinamlinda mnyonge. Lakini wenye kuzisoma watazame pia mahali zilipotoka. Uamuzi huo ni wa wizara na vyuo. Nyumbani nako iko kazi isiyongoja wizara.

Kwanza, mtoto wa mwaka wa mwisho apewe saa zake. Binti anayechota maji alfajiri na kuuza sokoni Konyo Konyo hadi jioni hatashindana kwa haki na aliyeketi na kitabu. Taa ya sola na kimya cha saa mbili kila usiku ni msaada ulio ndani ya uwezo wa nyumba nyingi, hata mshahara unapochelewa.

Pili, vyeti vitunzwe. Familia nyingi zimerudi kutoka Kakuma nchini Kenya, au kutoka kambi za Uganda, na watoto wao wana vyeti vya huko. Kenya hutoa daraja kuanzia A hadi E. Uganda huhesabu masomo makuu ya kidato cha sita. Sudan Kusini hutoa asilimia. Cheti kisicholingana na cha hapa huhitaji kuhakikiwa, na kilicholowa mvua au kupotea njiani humrudisha mtoto nyuma miaka.

Tatu, pasiwepo na kununua karatasi ya mtihani, wala kutafuta kimemo cha mkubwa. Askari anayelinda sheria mchana hawezi kuivunja usiku kwa ajili ya mwanawe, kisha akatarajia mwana huyo aiheshimu.

Nne, fomu ya kuchagua masomo ijazwe kwa akili. Mlango mmoja ukifungwa, mwingine huweza kuwa wazi. Mjini Juba kipo Chuo cha Uuguzi na Ukunga, kilichofunguliwa mwaka 2010, kinachotoa stashahada kwa miaka mitatu. Mkunga aliyefuzu anaokoa roho mbili kwa wakati mmoja, na nchi inamhitaji kama inavyomhitaji daktari.

Koplo yule, kabla ya kulala, amwite bintiye. Asimwambie, "Umeshindwa," maana hakushindwa. Wala asimdanganye kwamba alama hazina maana, maana zinayo. Amwambie, "Mwanangu, hizi ni zako mwenyewe, hakuna aliyekupa. Kesho tutakwenda kuuliza zinafungua mlango gani." Kisha aende naye, akiwa amevaa sare yake safi, wapange foleni pamoja na wazazi wengine.